Toka Kasindi Mpaka Masereka: Barabara na Mgongo wa Mama



Wengi wenu mliomba tuandike juu ya ule mchango wa barabara ya Masereka uliosomwa katika mkutano wetu wa mwisho. Tumeona heri kwanza tupite pamoja barabara yenyewe, toka mpakani hadi kule juu milimani, maana mtu haelewi shimo la mwisho kama hajaona lami ya kwanza. Wakati wa vakasi, sisi wanne wa chama tulitumwa kununua madaftari na sabuni Kasindi, na siku chache nyuma ya kurudi tulipanda Masereka kuona mashamba ya wanachama wetu. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na yale tunayoyajua kwa kuishi hapa na kufundisha hapa.

Barabara inayolisha Butembo inaanzia mtoni, pale Lubiriha. Ng'ambo ni Mpondwe, Uganda. Karibu kila kitu kisichoota katika udongo wetu kinapita pale: chumvi, bati, saruji, mafuta ya gari, dawa, hata chaki tunayoandikia ubaoni. Kinashuka melini Mombasa, kinapita Kampala, kinazunguka miguu ya Ruwenzori, kisha kinangojea duane siku moja ao kumi, kadiri karatasi zilivyo. Tangu Bunagana ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Juni 2022, na Goma nayo mwisho wa Januari 2025, mlango huu wa Kasindi umekuwa pua yetu ya kupumulia. Kamio zinapangwa foleni hadi huwezi kuona ya mwisho. Feza ya duane inayokusanywa pale inapanda Kinshasa. Tukumbuke hilo, tutarudi kwake.

Toka Kasindi lami ni nyeusi kweli, na mistari yake myeupe. Gari linapita katika mbuga ya Virunga, joto linaingia madirishani, unaona nyasi ndefu na miti ya miiba, na kama asubuhi haina mawingu, Ruwenzori inakaa upande wako kama mzee aliyevaa kofia nyeupe. Zamani, wakati wa mvua, kilomita hizi 80 za Kasindi mpaka Beni ziliweza kula siku nzima, na mtu alishuka Beni akiwa rangi moja na barabara, kope na nywele zote. Sasa dereva anasema habari za mpira wa miguu huku akiendesha. Watoto wa Bulongo wanatembea pembeni kwenda masomo wakiwa na viatu safi. Wamama wameweka meza za nanasi na ndizi, na kakao inaanikwa juu ya mashiti pembeni ya nyumba. Kwa upande mwingine, pikipiki zinakimbia kupita kiasi, na hatukuona alama nyingi za kuonya mbele ya masomo. Lami bila alama ni hatari kwa mtoto, tunalisema kama walimu.

Mwataka kujua lami hii ilitoka wapi. Tarehe 16 Juni 2021, maprezida wawili, Félix Tshisekedi wa kwetu na Yoweri Museveni wa Uganda, walikutana Mpondwe wakazindua kazi. Mkataba ulitaja kilomita 223 katika vipande vitatu: Kasindi-Beni 80, Beni-Butembo 54, na Bunagana-Rutshuru-Goma 89. Bei yote ilitajwa kuwa dola milioni 334 na nusu, na kazi ilipewa kampuni ya Uganda inayoitwa Dott Services. Mitambo iliingia mwezi wa Desemba 2021, siku chache nyuma ya jeshi la Uganda kuvuka mpaka kwa ajili ya operesheni Shujaa, maana bila askari hakuna mtu angeweza kusukuma udongo katika pori lile.

Tuliwapa wanafunzi hesabu hiyo darasani. Gawanya 334.5 kwa 223. Inatoka 1.5 kamili, bila kubaki kitu. Ni kusema, kwa wastani, kilomita moja ya lami ni dola milioni moja na nusu. Watoto walikaa kimya kidogo, kisha wakaanza kuhesabu shule ngapi zingejengwa. Tukawaambia hiyo si hesabu ya leo. Hesabu ya leo ni hii: nani analipa? Katika mpango, Uganda inatoa asilimia 20, Kongo asilimia 20, na kampuni yenyewe inatanguliza asilimia 60, halafu itajirudishia kwa peaji, ni kusema kwa feza ya kila gari linalopita. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye mama yake anauza samaki wa Kyavinyonge, akainua mkono: "Mwalimu, basi serikali yetu inalipa sehemu moja ya tano, na sisi tutalipa sehemu tatu?"

Hatukuwa na jibu bora kuliko swali lake. Hakuna mwenye kamio anayelipa peaji kutoka mfukoni mwake. Anaitia ndani ya bei ya chumvi, ya sabuni, ya mafuta. Mama anayenunua kopo moja la chumvi pale Furu analipa lami bila kuona lami. Hatusemi ni vibaya, maana barabara mbovu nayo ina peaji yake, na ni kali zaidi: springi zilizovunjika, nyanya zilizooza, usiku wa kulala njiani mahali ambapo hakuna mtu angependa kulala. Tunasema tu kwamba serikali ikipunguza sehemu yake, gharama haipotei. Inahama.

Beni mnaijua. Tangu Goma iponyoke, uongozi wa jimbo umekaa pale, na muji umejaa magari ya biro na watu wenye mafaili. Kutoka Beni njia moja inaendelea kaskazini kupitia Oicha na Eringeti hadi Komanda, kisha inakata magharibi kuelekea Kisangani. Kwenye ramani ni barabara ya taifa namba 4, ileile ya Kasindi. Kwa miaka sasa magari yanaipita kwa msafara wa askari, yakingojeana asubuhi, na watu wanaaga nyumbani kama wanaokwenda mbali sana. Hatukupita huko.

Sisi tuligeuka kusini. Beni-Butembo ni kilomita 54, na ndicho kipande kilichoachwa nyuma ya kile cha Kasindi. Hapo mgongo unaanza kukumbuka. Gari linapanda, joto linabaki bonde la Semuliki, mikaratusi inaanza, mashamba ya mihogo na kahawa yanashika milima, na mtu anatafuta fulana yake ndani ya mfuko. Vumbi la kiangazi linapita hata ndani ya fulana hiyo. Tulipita Kabasha, tukapita Maboya. Maboya walichoma hospitali usiku wa Oktoba 2022, na dereva wetu, ambaye alikuwa amesema maneno toka Kasindi, alinyamaza hadi tulipoimaliza. Barabara mbovu inampa muuaji nafasi, kwa sababu gari haliwezi kukimbia. Hilo wamama wa njia hii wanalijua kuliko injinia yeyote.

Wazee wanasema haikuwa hivi siku zote, na wanasema kweli, ijapokuwa wanasahau kusema namna barabara zilivyochimbwa. Wakati wa Wabelgiji kila kijiji kililazimishwa kutengeneza kipande chake, bila kuulizwa, na fimbo ilikuwa karibu. Nyuma ya uhuru, mwaka 1971, iliundwa Office des Routes ili kushika barabara kubwa. Nchi ilihesabu zaidi ya kilomita 58,000 za barabara za taifa na za majimbo, na karibu kilomita 87,000 za vijijini. Namba ya pili ndiyo yetu. Ndiyo njia za viazi, za maharagi, za mama mwenye mimba. Hizo ziliachiwa teritware na usultani, ambao hawakuwa na mashini wala feza.

Kisha bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, deni likapanda, na miaka ya 1980 serikali ya Mobutu ikakubali masharti ya Shirika la Feza la Kimataifa: kupunguza matumizi. Sisi walimu tunaikumbuka sura hiyo kupitia wazazi wetu, maana walimu wengi waliondolewa kazini wakati ule. Barabara nayo iliondolewa kazini, polepole zaidi. Koko mmoja tuliyemkuta juu ya mlima, ambaye alikuwa kantonye katika ujana wake, alitueleza. Kantonye alikuwa na kipande chake cha njia, na koleo, mpanga na burueti. Kila asubuhi anazibua mfereji, anafyeka nyasi, anajaza shimo likiwa bado dogo kama sahani. Mshahara ukachelewa mwezi mmoja, halafu mitatu, halafu ukaacha kuja. "Mwaka wa kwanza niliendelea bure," akasema, "juu ilikuwa haya kuona kipande changu kinaharibika watu wananitazama. Mwaka wa pili niliuza burueti." Hakucheka aliposema hivyo.

Mapunguzo ya matumizi yanapotangazwa, hakuna mtu anayesema "tunaua barabara ya Masereka". Wanasema "tunaahirisha". Na barabara ya udongo haijui kuahirishwa. Adui yake ni maji. Inapojengwa vizuri, katikati yake inainuka kidogo kama mgongo wa samaki, ili mvua iteremke pande mbili ndani ya mifereji. Mfereji unapeleka maji kwenye bomba la saruji lililolala chini ya njia, na bomba linayatupa bondeni. Nyasi zikiziba mfereji, maji yanapanda barabarani. Yakipata alama ya gurudumu, yanaifuata na kuichimba. Juma moja ni mstari, mwezi mmoja ni shimo, majira mawili ya mvua ni korongo linalomeza Fuso. Na sisi, hapa karibu na mstari wa ikweta, mvua haituachi kwa muda mrefu. Kazi ambayo kantonye mmoja angeifanya kwa koleo, sasa inataka mtambo, mafuta, na askari wa kuulinda mtambo.

Dawa nyingine ya zamani ilikuwa baryeri ya mvua: mnyororo ao mti unawekwa njiani mvua ikinyesha, kamio zinangojea saa kadhaa hadi udongo ukauke. Sheria nzuri. Lakini tumeona baryeri ambazo zinafunguka kwa anayelipa, hata maji yakiwa bado yanatiririka, na zinabaki zimefungwa kwa asiye na kitu, hata jua likiwaka. Hapo baryeri inaacha kulinda barabara, inalinda mtu mmoja na familia yake.

Butembo tunaijua sote, tusiseme mengi. Ni muji uliojijenga, na tunajivuna. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu la Kanisa toka 1966 hadi 1997, aliwafundisha watu kutongojea Kinshasa, na wazee bado wanahesabu mashule, vituo vya afya na njia zilizotokana na moyo huo. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003 wafanyabiashara walichanga, wakashughulikia uwanja wa ndege na barabara, maana bila barabara hawakuwa na biashara. Ni sifa. Lakini tumeanza kuona kwamba sifa hiyo inatugharimu. Kila mara serikali inapokosa feza, kuna mtu anayesimama na kusema, "Watu wa Butembo wanajua kujitegemea." Anasema vizuri, watu wanapiga makofi, na mchango unaanza.

Sasa tupande Masereka.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki, wawili wawili, kwa sababu gari la chama lisingefika. Nchi ile ni nzuri hata mtu mchovu anaiona: milima imelimwa hadi kichwani, viazi, kabichi, karoti, vitunguu vya majani, mbaazi mbichi, na ukungu unatoka mabondeni kama moshi wa jiko. Mboga za Lubero zililisha Goma na hata zilifika Kinshasa kwa ndege. Leo njia ya kusini imekatwa na vita tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, hivyo mkulima amebaki na Butembo na Beni tu, na Butembo yenyewe ni mbali kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Njia inateremka mabondeni, na katika kila bonde kuna mto mdogo, na juu ya mto mdogo kuna miti iliyotupwa mahali palipokuwa na daraja. Mahali patatu tulishuka, tukasukuma pikipiki. Mahali pamoja kamio ilikuwa imelala ubavu, viazi vimemwagika tangu juzi, na vijana walikuwa wanavihamisha kwa chukudu.

Chukudu ni kijana mwenye nguvu na mti. Lakini kwenye mteremko mrefu wa matope hata chukudu inakataa, na hapo ndipo tunapomkuta mama. Mliolelewa milimani mnaujua mkanda ule: unapita kwenye paji la uso, mzigo unalala mgongoni, shingo inashika yote. Tulihesabu wamama kumi na wanane katika mteremko mmoja, wawili wao wakiwa na mtoto kifuani na mzigo nyuma. Mmoja alitueleza bila kusimama, maana akisimama hawezi kuanza tena: kamio zilipokuwa zinafika, mnunuzi alikuja shambani, bei ilizungumzwa mbele ya viazi. Sasa yeye ndiye anayekwenda kwa mnunuzi, na akifika amechoka, mnunuzi anajua hatarudi na mzigo mlimani. Anataja bei anayoitaka. Nusu ya jasho inabaki njiani.

Na si viazi tu. Kwenye kituo kimoja cha afya muuguzi alituonyesha kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, kimeegemezwa ukutani, kamba zake mpya. Tulifurahi kuona kamba mpya hadi alipotueleza kwa nini zilibadilishwa. Mama aliyekuwa na uchungu wa uzazi alibebwa usiku kuelekea hospitali, mvua ikanyesha, wabebaji wakateleza, kamba ikakatika. Alifika. Mtoto hakufika. Muuguzi alitwambia hayo akiendelea kuandika kadi za watoto, maana foleni ilikuwa ndefu.

Basi feza iko wapi? Tuwape yaliyo katika maandishi, ili katika mkutano tuzungumze kwa akili moja. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale inapopatikana. Haijawahi kufuatwa kama ilivyoandikwa; feza inapanda Kinshasa nzima, na inarudi kidogo, ikiwa imechelewa. Mwaka 2008 sheria iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaolishwa na kodi juu ya kila litre ya mafuta ya gari na kwa peaji. Kwa hiyo kila motari wetu anayenunua litre moja ya esansi amekwisha kuchangia barabara, kabla hata ya kuombwa mchango.

Tena, tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège. Magavana ni wanajeshi ao polisi, na bunge la jimbo lilisimamishwa kazi yake. Jambo hili linasemwa sana kuhusu usalama, na kidogo sana kuhusu mifereji. Lakini zamani mbunge wa jimbo angeweza kumwita waziri wa kazi za umma na kumuuliza mbele ya redio: ile feza ya njia ya Masereka? Sasa hakuna mahali pa kuuliza swali hilo isipokuwa kwenye biro, kwa heshima, ukiwa umesimama.

Mwaka 2025 mkanda ukakazwa zaidi. Goma na Bukavu zilipoanguka, duane na kodi za miji ile zilipotea kwa serikali. Mwezi wa Machi mishahara ya askari na polisi iliongezwa mara mbili. Bajeti ikarekebishwa, vita vikawekwa mbele, na kazi ambazo hazikuonekana za haraka zikasubiri. Mwaka huohuo Marekani ikafunga USAID, na mashirika mengi yaliyokuwa yakifanya kazi kwetu yakapunguza watu na magari. Hatutasema askari asilipwe. Wengi wetu tuna kaka ao mtoto kule mbele, na tunajua walivyokuwa wanalipwa. Lakini njia ni silaha pia, tumeona Maboya. Mtu anayefikiri kwamba barabara si usalama hajawahi kungojea msaada usiku mahali ambapo gari la askari haliwezi kufika.

Tuje kwa mchango. Kamati ya kutunza njia, ile tunayoiita CLER, imeomba kila chama cha wamama kitoe sehemu ya likelemba yake kwa ajili ya mabomba ya saruji na mawe ya mabonde matatu. Katika kikundi chetu tumegawanyika, na tungependa mjue hivyo kabla ya kuja. Yaya mmoja, ambaye ana shamba kule, anasema: tukingojea serikali tutazika watoto wengine, tutoe tu. Mwingine, mhasibu wetu, anasema: huu ni mwaka wa tatu tunachanga, na kila tunachochanga kinawafundisha wakubwa kwamba inawezekana bila wao. Wote wawili wamelima viazi, na wote wawili wanasema kweli.

Maoni yetu sisi walioandika ni haya. Tutoe mikono na mawe siku ya salongo, na tununue mabomba sisi wenyewe, kwa mkono wetu, tuyabebe hadi bondeni na kuyaona yakifukiwa. Feza taslimu tusiipeleke kwenye kamati isiyo na daftari. Katika kamati ile kuna wababa tisa na mama mmoja, naye anaitwa tu wakati wa kupika. Tutake viti vinne, na kimoja kiwe cha kushika sanduku. Pamoja na mabomba, tuandike barua moja kwa gavana Beni na nakala kwa Office des Routes, tukiuliza kwa jina la barabara na kwa kilomita: mwaka huu FONER imetenga nini kwa njia hii? Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ni maongezi.

Na kuna sharti la mwisho, ambalo wababa wa kamati walishangaa tulipolitaja. Mwezi wa Novemba 2017 Benki ya Dunia ilisimamisha malipo ya kazi za mradi wa barabara ulioitwa Pro-Routes, kwa sababu ya mashtaka ya unyanyasaji wa wasichana na wanawake kwenye kazi ya njia ya Bukavu-Goma. Kazi ya barabara inaleta wanaume wenye feza mahali penye wasichana wasio na kitu. Ikiwa mtambo utakuja Masereka, ao hata vijana ishirini wa koleo, tunataka ijulikane tangu siku ya kwanza wanalala wapi, nani anawapikia, na msichana akidhulumiwa anakwenda kwa nani. Wamama wa kule wamekwisha kuchagua wawili. Majina yao yatasomwa mkutanoni.

Mkutano ni siku ya posho, saa nane, kwenye uwanja wa masomo kama kawaida. Mhasibu ataleta daftari la likelemba. Tutaleta vipimo vya mabonde matatu: la kwanza linataka mabomba manne, la pili manne, na la tatu, lile la kipoyi, linataka sita, kwa sababu pale mto unapanuka mvua ikinyesha milimani. Tumeuliza bei ya bomba kwa mafundi wawili wa saruji mjini. Mwenye kumjua wa tatu amwambie aje na bei yake imeandikwa.